Mwaka Usiohesabiwa

Ofisi ya wakala wa ajira ina wageni wa aina mbili. Wapo wanaokuja na bahasha ya kaki, shati limepigwa pasi usiku kwa sababu umeme wa asubuhi hauaminiki, na wakifika mapokezi hushusha sauti. Wapo pia wanaokuja na simu na funguo za gari tu. Hawa hawakalishwi kwenye benchi la ukumbini. Kabla hawajamaliza kusalimia, chai yao imeshamiminwa. Wa kwanza ndio waliotajwa kwenye kibao cha mlangoni, watafuta kazi. Wa pili ndio wateja. Mwanafunzi anayeletwa hapo kujifunza huzimaliza siku zake za mwanzo akiamini kwamba ameletwa kuwahudumia wenye bahasha, hadi atakapoona ankara inatumwa kwa nani.

Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nasomea usimamizi wa rasilimali watu, fani ambayo wenzetu wa sheria waliamini ni ya kuhesabu likizo za watu, na fildi ikanipeleka kwenye wakala mmoja jijini Dar es Salaam, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari. Ilikuwa iwe ya wiki nane, kama ilivyo desturi ya vyuo vyetu. Ikawa mwaka. Mitihani ya mwisho ilipokwisha, ofisi iliniomba nirudi kwa mafunzo ya utarajali, kwa posho ya nauli na chakula cha mchana, nami sikuwa na pengine pa kwenda. Nafasi yenyewe haikutangazwa popote: mama mdogo alikuwa anafahamiana na mtu anayefahamiana na mkurugenzi. Nalisema hili mapema kwa sababu kazi niliyoifanya mwaka mzima ilikuwa kupitia maombi ya watu wasiofahamiana na yeyote.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja analeta maelezo ya nafasi: mhasibu msaidizi, msimamizi wa ghala, afisa mauzo wa Kanda ya Ziwa. Tangazo linatoka, maombi yanaingia kwa mamia, na mtu wa chini kabisa ofisini anakaa mbele ya kompyuta kuyagawa, haya yapande, haya yaachwe. Kigezo kinachofyeka wengi kwa haraka ni uzoefu. Miwili, mitatu, mitano, kutegemea mteja. Kwa kigezo hicho kimoja mamia hubaki makumi kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo ofisi ilikuwa inamlipa nauli mtu ambaye hajaajiriwa tangu azaliwe ili awaengue wenzake kwa sababu hawajaajiriwa tangu wazaliwe. Majina mengine niliyafahamu. Kulikuwa na kijana tuliyesoma naye, ambaye ndiye aliyenipigania nikavuka somo la takwimu. Bila yeye ningelirudia. Wasifu wake ulikuwa ukurasa mmoja, safi, hauna hata kosa la herufi. Ukaachwa pamoja na mingine.

Aliyenifundisha kuchambua alikuwa msimamizi wangu, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Dada, hata walinzi waliomzidi umri. Dada aliusoma wasifu kutoka nyuma. Alianzia kwa wadhamini, akapanda kwenye kazi, akafika kwenye elimu akiwa ameshachoka, na ile aya ya juu, ambamo kila mtu ni mchapakazi anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo bila kusimamiwa, hakuigusa kabisa. Wadhamini aliwapigia simu Ijumaa alasiri, wakati mtu yuko ofisini lakini akili imeshatangulia nyumbani. Atasalimia kwa kirefu, ataulizia hali ya hewa ya huko, kisha atatupa swali moja: nafasi ikipatikana kwako leo, utamrudisha? Jibu lenyewe hakulijali sana, maana karibu wote husema ndiyo. Alisikiliza ule muda kabla ya ndiyo. Nimesoma vitabu vya usaili vyenye kurasa nyingi tangu wakati ule, sijakuta kipimo kinachokizidi hicho, ingawa nakubali kwamba kinamwonea mtu ambaye bosi wake wa zamani ana kigugumizi.

Nilichelewa kuelewa ni kitu gani hasa tunauza. Ada yetu ilikuwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa yule aliyepata kazi, na hapakuwa na mapatano yasiyo na dhamana: akiacha au akiachishwa ndani ya miezi mitatu, tunaleta mwingine bila malipo. Lakini kwa sheria yetu mwajiri tayari ana kinga yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 ule ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Mwajiri akikosea kuchagua, kosa linasahihishika. Wasifu anaweza kuusoma mwenyewe. Wadhamini anaweza kuwapigia mwenyewe. Fedha yote ile ni ya nini?

Ni ya lawama. Meneja akiajiri mtu kwa hiari yake, na mtu huyo akaondoka na hesabu za ghala, atasimama mbele ya wakurugenzi peke yake. Akiajiri kupitia kwetu, atasema wakala ndiye aliyemleta. Nilipolitambua hilo, mengi yalinyooka. Kwenye orodha fupi tulipeleka watu wanaoteteeka, wenye vyeti vinavyofuatana bila pengo, waliotoka kwenye kampuni ambayo mteja anaijua jina. Aliyejifunza uhasibu kwenye duka la mjomba wake Kariakoo huenda anazijua hesabu kuliko wote, lakini siku mambo yakiharibika hakuna sentensi ya kumtetea. Na ile miaka miwili inayodaiwa kwenye matangazo haipimi ujuzi. Mtu anaweza kukaa mahali miaka miwili akajifunza namna ya kuingia ofisini kwa kuchelewa bila kuonekana, basi. Miaka miwili inathibitisha kwamba mwajiri mwingine alishabahatisha kabla yako na hakuangamia. Kila mmoja anataka awe wa pili.

Vigezo vilivyoandikwa vilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuja kwa simu. Sheria hiyohiyo ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi, au mwombaji wa kazi, kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, umri, ulemavu, kabila au mahali atokako, na mengine kadhaa. Hivyo sikuwahi kuona barua pepe ya mteja inayosema hataki mama anayenyonyesha. Alipiga simu. Aliulizia wazima, akacheka kidogo, akasema angependa mtu asiye na mambo mengi nyumbani. Mwingine alitaka binti mwenye mwonekano. Mwingine alitaka yeyote ila asiwe wa kwao: hao nawajua. Dada alikuwa na jibu moja kwa wote: “Nimekusikia, kaka.” Kisha kwenye orodha ya watu watano alihakikisha mmoja wao ni yule ambaye simu ilimkataa, na akamwandikia maelezo marefu kuliko wengine. Mara chache huyo ndiye aliyechukuliwa. Mara nyingi hakuchukuliwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwa nini. Nilimuuliza Dada siku moja kama haoni kwamba anajisumbua. Akasema amesikia simu hizo kwa miaka mingi, na wengi wanaopiga wanapomwona mtu mwenyewe ana kwa ana huona haya kurudia walichosema. Wengi, akasisitiza. Sijui hesabu yake ilikuwa sahihi kiasi gani.

Kwenye benchi la ukumbini ndiko nilikojifunza yasiyokuwamo katika kozi. Kulikuwa na mzee kutoka Kasulu aliyekuja na vyeti vya mwanawe. Kijana mwenyewe alibaki kwa shangazi yake Mbagala, kakata tamaa ya kuzunguka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Aliponiona nazunguka meza na kukaa kwenye kiti chenye kompyuta, umwana ukaisha, nikawa bosi. Nilivipokea vyeti, nikavikuta vimekunjiwa ndani yake noti ya 10,000. Nilipomrudishia, uso wake ulianguka. Kwa hesabu yake, hela iliyorudishwa ni mlango uliofungwa. Nilimweleza kwamba hapa mtafuta kazi halipi chochote, nikaona kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyozidi kuamini kwamba mwanawe amekataliwa kwa adabu.

Na alikuwa na sababu ya kutoamini. Suala la nani alipe limewasumbua watu tangu mawakala wawepo. Mwaka 1933 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuwaondoa kabisa mawakala wanaofanya biashara ya kutoza ada, kwa hoja kwamba kazi isiuzwe kwa anayeihitaji. Mwaka 1997 likabadili msimamo: mkataba namba 181 unawatambua mawakala binafsi, ila mtafuta kazi asitozwe. Kwetu, kanuni za mwaka 2014 zilikwenda njia hiyo na zikaongeza jambo: wakala aunganishe watu na waajiri, asiwaajiri yeye na kuwakodisha kwa kampuni, mtindo uliokuwa umeenea na uliowafanya wengine wafanye kazi miaka kadhaa kwenye kampuni isiyowatambua. Hayo yamo kwenye karatasi. Nje ya karatasi, simu ya kila kijana nchini imeshapokea ujumbe wa mtu asiyemfahamu unaomtaka atume ile hela kwenye namba hii, na biashara ya kazi hewa ina lugha yake: ada ya fomu, ada ya vipimo, ada ya kuharakisha. Binti mmoja alikuja kwetu na risiti yenye jina linalofanana na letu, nembo ikiwa imeibwa kwenye tangazo letu wenyewe. Alikuwa ameuza cherehani. Anayelipa, hata akilipa tapeli, anajiona ameshika kitu mkononi. Tulichowapa wenye bahasha bure kilikuwa ahadi kwamba tutapiga simu, na hatukuwa tunapiga.

Mvua ilimzuia mzee wa Kasulu ukumbini hadi jioni, na ndiyo maana najua habari zake. Alimaliza kidato cha sita baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lile lililofuta utaratibu wa kutoka shule moja kwa moja hadi chuo kikuu. Kijana wa wakati ule alipitia jeshi la kujenga taifa, akafanya kazi, na ili aingie Mlimani alihitaji mwajiri wake aseme neno jema juu yake. Mzee alifanya yote hayo, akasoma, kisha serikali ikampangia kazi ya ushirika, kituo, nyumba na kila kitu. Hakuwahi kuandika barua ya maombi maishani. Kwake yeye uzoefu ulitangulia shahada na nchi ndiyo iliyoutoa. Mwanawe ana shahada na anaambiwa akatafute uzoefu, haambiwi wapi. Sisemi zamani palikuwa peponi. Utaratibu ule uliwapotezea wengi miaka, na neno jema la mwajiri na la tawi la chama lilikuwa na siasa zake, ambazo mzee alizigusa akaziacha. Lakini ulikuwa na jibu kwa swali ambalo leo limebaki halina mwenyewe: nani anagharimia mwaka wa kwanza wa mtu kazini?

Baba yake mzee naye alipitia kwa wakala, ingawa hakumwita hivyo. Alipelekwa Tanga na SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wakulima wa mkonge wa Tanganyika mwaka 1944 kuwatafutia vibarua wa mashambani. Mkonge ulikuwa ndio fedha ya nchi, na wenyeji wa karibu na mashamba hawakuwa na haraka ya kuukata. Basi watu walifuatwa mbali, Kigoma, Songea, Njombe, wakasafirishwa na kupumzishwa kambini njiani, wakawa manamba. Hakuna aliyewauliza uzoefu. Mtu aliyekuwa hajauona mkonge alipewa kisu na kuonyeshwa mstari wake, akajifunza humohumo, kwa gharama ya mwenye shamba na ya viganja vyake mwenyewe. Yalikuwa maisha magumu, yenye mikataba mirefu na ujira mdogo, na sina hamu ya kuyapaka rangi. Ninachokiona ni upande lori lilikokuwa likielekea. Wakala aliondoka Tanga akaenda Kasulu kumtafuta mtu. Sasa mtu anapanda basi Kasulu, anasafiri siku nzima na zaidi, kumtafuta wakala, na anamkuta msichana wa fildi.

Wingi ndio uliogeuza njia. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Wengi tunazikumbuka picha zake, vijana waliovaa kiofisi wamekaa majukwaani kama wanaosubiri mechi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, maombi yakapita 135,000. Wapo wanaosema vijana wanapenda kazi za serikali kwa uvivu. Waliokaa kwenye kiti kile cha kuchambua wangesema tofauti: kwenye ngazi za kuanzia, serikali ni miongoni mwa waajiri wachache wasiodai miaka. Mlango ukiwa mmoja, foleni huwa ndefu.

Sasa, fildi ilibuniwa kuziba pengo hili la uzoefu, na nadhani haizibi kwa sababu ni fupi mno kumfaa yeyote. Wenzetu walilitambua zamani. Chuo cha Ufundi cha Sunderland, Uingereza, kilianza mwaka 1903 kuwachanganyia wanafunzi wa uhandisi vipindi vya darasani na vya viwandani. Miaka mitatu baadaye, Marekani, Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati alianza na wanafunzi 27, akawapanga wawili wawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kwenye mashine, wiki ijayo wanabadilishana. Mwenye kiwanda hakuwahi kukuta mashine imesimama. Schneider hakumwomba afanye hisani, alimwondolea hasara. Katika wiki zetu nane, mwenyeji anamfundisha mwanafunzi wiki sita, na anapoanza kumfaa, mwanafunzi anaaga. Ofisi hujifunza haraka kutojisumbua. Ndiyo maana wanafunzi wengi wa fildi ni mabingwa wa mashine ya kurudufu. Posho, kama ipo, ni ya Bodi ya Mikopo, yaani ni deni la mwanafunzi mwenyewe. Mimi nilianza kuwa na faida kwa wakala wangu mwezi wa tano au wa sita. Kabla ya hapo nilikuwa namrudisha Dada nyuma, na alinieleza hivyo bila kuzunguka.

Mwaka ulipokaribia mwisho, ofisi ilipata fedha ya kuajiri afisa mmoja wa kudumu, kwa kazi ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo niliyokuwa nafanya. Mkurugenzi aliniagiza niandike tangazo. Nilichukua tangazo la zamani kama tulivyozoea, nikabadilisha cheo na tarehe. Mstari wa uzoefu ulikuwepo tayari: usiopungua miaka miwili. Programu yetu ya kuhifadhi maombi ilikuwa na safu ya miaka ya ajira, na mafunzo kwa vitendo hayakuingia humo. Ukiandika mwaka wa utarajali, inasoma sifuri. Nilimpelekea Dada rasimu, nikamuuliza mwaka wangu uko wapi katika tangazo hili. Aliisoma kutoka chini, kama kawaida yake. Akachukua kalamu, akaandika pembeni kwamba mafunzo kwa vitendo ya miezi 12 au zaidi yahesabiwe, akaniambia nipeleke juu.

Juu waliuacha ule mstari wa Dada, wakaiacha na miaka miwili, na hakuna aliyeona kwamba hivyo viwili havikai pamoja. Niliomba. Niliitwa kwenye usaili, nikaulizwa maswali niliyoyachapa mwenyewe. Kazi alipewa mwanamke aliyekuwa na miaka mitatu kwenye benki, mwenye wadhamini ambao Dada aliwapigia Ijumaa na ambao, alisema, hawakusita hata kidogo. Alikuwa hodari, nilimkabidhi mafaili kwa wiki mbili nikaondoka. Baadaye Dada alinipigia kunisalimia, akanieleza kwamba yule bibie alipata pengine penye mshahara mkubwa zaidi na aliondoka kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Ilikuwa ndani ya dhamana, akasema huku akicheka, ila sasa hawajui wamdai nani mbadala.